Mwongozo kamili: Jinsi shule ya umma inavyopata fedha za kupunguza gharama za umeme na kuni

Shule nyingi za mkoa wa Dodoma zimeshaandika barua za kuomba sola, taa au jiko la gesi, na nyingi zimejibiwa kwa sentensi moja: fedha haijatengwa. Nyingine hazikujibiwa kabisa. Ukizisoma barua hizo utaona zinafanana. Aya ya kwanza ni salamu, ya pili ni shida, ya tatu ni "tunaomba mtusaidie". Hakuna uniti, hakuna kilo za kuni, hakuna bei, wala hakuna anayesema nani atalipia betri ikifa. Mtu mwenye fedha akiipokea barua ya namna hiyo hana pa kuanzia hata kama ana moyo.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu mkuu, mkuu wa shule, mhasibu wa shule na wajumbe wa kamati au bodi. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi wanakwama kwa sababu wanaanza na hatua ya sita, yaani kuandika andiko la kuomba fedha.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Namba za mita zote za LUKU (umeme wa kulipia kabla) zilizopo shuleni, pamoja na zile za nyumba za walimu
- Risiti au orodha ya manunuzi ya umeme ya miezi 12
- Mizani ya kuning'iniza, ile inayopimia magunia
- Daftari moja jipya la nishati, lisichanganywe na mambo mengine
- Takwimu za wanafunzi: wangapi wanakula shuleni, wangapi wanalala bweni
- Profoma (karatasi ya bei ya muuzaji kabla ya kununua) tatu kutoka maduka tofauti kwa kila kifaa unachokitaka
- Fundi umeme mwenye leseni, wa kukagua mfumo kwa siku moja
- Mihtasari ya vikao vya kamati au bodi vya mwaka uliopita

Risiti zikiwa zimepotea, usikate tamaa. Nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya yako na barua yenye mhuri wa shule na namba ya mita, uombe taarifa ya manunuzi ya mwaka mzima.

## Hatua ya 1: Pima matumizi yenu kwa wiki mbili

Usiiruke hatua hii, kwa sababu namba zote za andiko lako zitatoka hapa.

Umeme. Kila siku saa moja asubuhi na saa mbili usiku, mtu mmoja aandike uniti zilizobaki kwenye mita. Tofauti ya namba za jioni na asubuhi itakuonyesha umeme wa usiku, yaani taa za madarasa ya kujisomea, mabweni na taa za ulinzi. Tofauti ya mchana itakuonyesha ofisi, kompyuta na pampu.

Kisha tembea jengo kwa jengo na fundi. Andika aina ya kila taa, wati zake, saa inazowaka, na kama inawaka au imekufa. Taa iliyokufa nayo iandike. Shule yenye taa 64 ambazo 30 hazijawaka tangu mwaka juzi ikiweka mpya zote, bili yake inaweza isishuke kama ulivyoahidi, kwa sababu sasa zinawaka zote. Usipolisema hilo mapema, mfadhili atakuja mwakani kuangalia LUKU na kuona umemdanganya.

Pampu ya kisima iangalie kwa makini. Kwenye shule nyingi za ukanda wetu huu mkavu, pampu ndiyo inayokula uniti kuliko kitu kingine, na mara nyingi hakuna anayeizima kwa wakati. Simama chini ya mnara wa tangi mchana: ukiona ardhi imelowa na majani yamestawi upande mmoja wa nguzo wakati pembeni kote ni vumbi, maji yanamwagika na umeme unamwagika nayo. Swichi ya boya inayozima pampu tangi likijaa ni kifaa cha bei ndogo sana ukilinganisha na kinachopotea.

Kuni. Pima kuni zote kabla hazijaingia jikoni, kwa siku kumi za kupika. Andika kilo, chakula kilichopikwa, na idadi ya waliokula. Kilo gawa kwa watu, upate kilo kwa mlaji mmoja kwa siku.

Kuna shule ambazo kila mtoto anakuja na kijiti chake cha kuni asubuhi. Kwenye vitabu vya shule hizo, gharama ya kuni ni sifuri. Matokeo yake, ukiomba jiko bora, hesabu inasema hutaokoa chochote. Naomba walimu wenzangu tulitazame hili kwa uzito, kwa sababu gharama ipo, ila wanaibeba watoto kichwani. Zipime kuni hizo, zizidishe kwa bei ya kuni kijijini kwako, na uiandike thamani hiyo kama mchango wa kaya. Hapo ndipo mzigo wenyewe unaonekana.

*Dalili kwamba umefanikiwa:* unaweza kusema kwa sentensi mbili shule inatumia uniti ngapi kwa mwezi, zinakwenda wapi, na kila mlaji anatumia kilo ngapi za kuni.

## Hatua ya 2: Ziba mianya isiyohitaji mfadhili

Fanya haya kabla ya kuomba hata shilingi moja. Mkaguzi wa mradi akifika na kukuta taa za korido zinawaka saa sita mchana, andiko lako limeishia hapo.

Maharage na mahindi ya makande yalowekwe usiku kucha, muda wa kupika unapungua sana. Sufuria zifunikwe. Kuni zikaushwe chini ya paa, si kutupwa uani mvua za Desemba hadi Aprili zikizilowanisha. Teua kiranja wa taa kwa kila darasa na bweni.

Jambo moja linastahili kusimamiwa na mkuu wa shule mwenyewe: nyumba za walimu zilizofungwa kwenye mita ya shule. Shule iko kwenye kundi la bei ya umeme la T1, ambalo uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Nyumba yenye mita yake na matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi inaweza kuingia kundi la D1, ambalo uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Kutenganisha mita kunamfaa mwalimu na kunaifaa shule, tena kunamaliza manung'uniko ya nani anamlipia nani.

## Hatua ya 3: Kila kazi iwe na hesabu yake

Usiandike "mradi wa nishati". Ugawe: taa ni kazi moja, pampu kazi ya pili, jiko la tatu, sola ya nne. Kila moja ina gharama yake, akiba yake na muda wake wa kurudisha fedha.

Chukua mfano wa taa. Madarasa 16, kila moja na taa nne za tyubu za futi nne za aina ya zamani. Tyubu ya wati 36 pamoja na choki yake (kifaa cha kuiwasha na kuidhibiti umeme) hula karibu wati 45. Zote 64 zikiwaka kwa muda wa saa nne kila usiku kwa siku 200 (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja):

- Za zamani: 64 × 45 = wati 2,880. Kwa saa nne ni uniti 11.52 kwa siku, au uniti 2,304 kwa mwaka.
- Za LED za wati 18: 64 × 18 = wati 1,152. Kwa saa nne ni uniti 4.608 kwa siku, au takribani uniti 922 kwa mwaka.
- Akiba: uniti 1,382 kwa mwaka.

Sasa bei. Shilingi 292 ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) ya asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) ya asilimia 1, unafika karibu shilingi 356. Ndiyo maana shilingi 10,000 inakupa uniti 28 tu. Kagua risiti yako ya karibuni uone makato yake na utumie namba hiyo. Kwa shilingi 356, uniti 1,382 ni takribani shilingi 492,000 kila mwaka.

Tuseme taa moja pamoja na ufundi ni shilingi 10,000. Gharama yote ni 640,000, na inarudi kwa mwaka mmoja na miezi minne hivi. Weka bei halisi za profoma zako. Ukiwa na hesabu kama hii, hata diwani asiyejua umeme anaielewa na kuitetea kikaoni.

Jikoni hesabu ni ngumu zaidi, na hapa ndipo shule nyingi zinaumia. Serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikie nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo kama mnalisha watoto 400, usiandike ombi la jiko la kuni, hata liwe banifu kiasi gani. Litakataliwa kwa sababu ya sera. Omba gesi, umeme au mkaa mbadala.

Lakini kabla ya kuomba gesi, fanya jaribio. Azima jiko la gesi na mtungi wa kilo 38. Pima mtungi asubuhi, pika mlo wa kawaida wa shule, pima tena jioni. Kilo zilizopungua zidishe kwa bei ya gesi mjini, gawa kwa waliokula. Mahali ambapo kuni ni rahisi, unaweza kukuta gesi inagharimu zaidi ya kuni kwa kila mlo. Ni afadhali ulijue leo. Kuna majiko ya gesi yaliyofungwa kwa sherehe na viongozi wakapiga picha, kisha mtungi wa kwanza ulipoisha wapishi wakarudi kwenye mafiga matatu. Majiko yenyewe yalikuwa mazima. Ila hakuna aliyekuwa amepanga nani analipia mtungi wa pili.

Kuhusu joto madarasani chini ya bati: dari, rangi nyeupe ukutani, madirisha yanayofunguka pande mbili na miti ya kivuli ni mambo mazuri na ninayaunga mkono. Ila darasa lisilo na feni haliokoi umeme kwa kuwekwa dari. Yaombee fedha kama ukarabati, usiyatie kwenye hesabu ya akiba.

*Dalili kwamba umefanikiwa:* una jedwali moja lenye kazi, gharama, akiba kwa mwaka, na muda wa fedha kurudi, na mtu mwingine akirudia hesabu anapata jibu lilelile.

## Hatua ya 4: Kila kazi ipelekwe kwenye mfuko wake

Kosa kubwa ni kuomba kila kitu kwa mtu mmoja. Mifuko ipo kadhaa na kila mmoja una tabia yake.

Ruzuku ya uendeshaji. Kiwango cha sera ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, ingawa si yote inayofika kwenye akaunti ya shule. Sehemu ya ukarabati inatosha kazi ndogo: swichi ya boya, balbu za ofisi, darasa moja moja la taa kila robo mwaka. Usiidharau. Kazi ndogo iliyofanyika ndiyo inayomfanya mwingine akuamini.

Mapato ya ndani ya halmashauri. Hapa ndipo pa kuombea taa za shule nzima au kufumua nyaya chakavu. Fedha hii inafuata bajeti, kwa hiyo isipokuwa kwenye mpango wa halmashauri, mkurugenzi hawezi kukusaidia hata akitaka.

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Kamati yake inaongozwa na mbunge. Unafaa zaidi kukamilisha kazi ambayo wananchi wameshaianza. Nenda na ushahidi wa nguvu ya wananchi: mchanga, mawe, ufundi wa kujitolea, vyote vikiwa na thamani ya fedha.

Mamlaka ya Elimu Tanzania (TEA). Inasimamia Mfuko wa Elimu ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na hufadhili miundombinu ya shule. Ombi lipitie kwa mkurugenzi wa halmashauri, lisiende kama barua ya pembeni ya mkuu wa shule.

Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Huu ndio mlango wa jiko. REA ina programu za nishati safi ya kupikia kwa taasisi, na ofisi zake ziko hapahapa Dodoma. Matokeo ya jaribio lako la mtungi yatakutofautisha na wengine wote.

Benki, kampuni na waliosoma shuleni hapo. NMB na CRDB zinajulikana kwa kutoa madawati na mabati mashuleni. Waombe kitu kinachoonekana na chenye mwisho: pampu ya sola, taa za bweni la wasichana. Usiwaombe gharama za kila mwezi.

Michango ya wazazi. Elimu bila ada haikuzuia mchango wa hiari, lakini pata kibali cha maandishi kupitia ofisi ya mkurugenzi kabla ya kutangaza. Fedha iende benki, mwalimu asiishike mkononi. Na mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya mchango, hata siku moja.

> Tahadhari kuhusu mikopo. Wauzaji wa sola watakuja na mkataba wa "funga sasa, lipa kidogo kidogo". Mkuu wa shule hana mamlaka ya kuiingiza shule kwenye deni. Hata halmashauri yenyewe inahitaji idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa ili ikope. Mkataba wowote wa malipo ya zaidi ya mwaka mmoja upeleke kwa mwanasheria wa halmashauri kabla ya sahihi. Ukisaini peke yako, deni linaweza kukufuata wewe.

## Hatua ya 5: Wahi kalenda ya bajeti

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Ukipeleka ombi Mei, umechelewa mwaka mzima.

Pima Septemba. Oktoba maliza hesabu na profoma. Kufikia Novemba kamati au bodi iwe imekaa na kupitisha, na muhtasari umesainiwa. Kutoka hapo upeleke kwa Afisa Elimu Kata na kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa afisa elimu wa halmashauri ili kazi iingizwe kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri. Madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, kabla Bunge halijaanza mkutano wa bajeti mwezi Aprili.

Mtafute diwani wako kabla ya kikao cha kata, si siku ya kikao. Mpe ukurasa mmoja wa jedwali lako na umweleze kwa mdomo. Atakayesimama kukutetea lazima awe anazijua namba.

*Dalili kwamba umefanikiwa:* umeiona kazi yako kwa macho kwenye bajeti iliyopitishwa, na kifungu chake unakijua. Kuambiwa tu kwamba "tumeiweka" hakutoshi.

## Hatua ya 6: Andika andiko fupi

Kurasa nne zinatosha. Ukurasa wa kwanza: shule iko wapi, ina wanafunzi wangapi, inatumia nini kwa mwaka, inaomba nini, na itaokoa nini. Ukurasa wa pili: jedwali. Wa tatu: shule na wananchi wamechangia nini hadi sasa. Wa nne: matunzo, yaani nani anahusika, fedha ya vipuri inatoka wapi, betri itabadilishwa mwaka gani.

Ukurasa wa nne ndio wanaousoma kwa makini, na ndio unaokosekana kwenye maandiko mengi.

Ambatisha muhtasari wa kikao, profoma, picha na barua ya mkurugenzi. Picha ziwe za kweli: choki iliyoungua, waya uliofungwa kwa mpira wa baiskeli, moshi ulivyoitia masizi dari ya jiko. Kichwa cha ombi kitaje kazi yenyewe, kwa mfano "Kubadilisha taa 64 za madarasa". Maneno makubwa ya maendeleo endelevu yaache.

## Hatua ya 7: Fedha ikifika, nunua kwa utaratibu

Ununuzi wa umma unapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023. Kaa na afisa ununuzi wa halmashauri mapema akuonyeshe njia inayolingana na kiasi chako. Kama mnatumia mafundi jamii (mafundi wa eneo lenu badala ya mkandarasi), kamati za ununuzi, mapokezi na ujenzi ziwe na wajumbe tofauti. Anayenunua asiwe ndiye anayepokea.

Malipo yaingizwe kwenye mfumo wa hesabu wa serikali unaotumika shuleni, risiti iwe ya mashine ya kodi (EFD), na zuio la kodi likatwe: asilimia 2 kwa bidhaa, asilimia 5 kwa huduma. Mwambie muuzaji kuhusu zuio hilo kabla ya kutoa profoma, la sivyo atakudai tofauti baadaye.

Siku ya kupokea vifaa, usihesabu maboksi tu. Fungua, washa, angalia alama ya ubora ya TBS, soma wati zilizoandikwa kwenye taa yenyewe na siyo kwenye boksi. Paneli ya sola ipimwe juani fundi akiwa na mita yake. Dhamana iwe ya maandishi na ianze siku ya kufungwa.

*Dalili kwamba umefanikiwa:* ukaguzi ukija, kila kifaa kina namba kwenye leja na kinaonekana kilipofungwa.

## Hatua ya 8: Ionyeshe akiba

Akiba isiyoandikwa inapotea kwenye matumizi mengine bila mtu kujua. Endelea na daftari la nishati. Kila tarehe 1 andika uniti za mwezi uliopita, shilingi zilizolipwa, na idadi ya wanafunzi, kando ya namba za mwezi kama huo mwaka uliotangulia.

Kamati ipitishe azimio kwamba sehemu ya kilichookolewa, hata nusu yake, ibaki kwenye kifungu cha matunzo ya nishati. Kwa mfano wetu wa taa, nusu ni kama shilingi 246,000 kwa mwaka. Hiyo inalipia taa zitakazokufa na ziara ya fundi.

Bandika karatasi ya miezi 12 kwenye ubao wa matangazo wazazi waione. Nakala yake, ikiwa na sahihi ya mwenyekiti wa kamati, iwe kiambatisho cha kwanza utakapopeleka ombi la jiko.